Papa Chupa na Maji ya Chini

Pale Rumonge, ukiuliza nyumba ya Akonkwa ungezungushwa vichochoro vyote mpaka ukate tamaa. Ukiuliza ya Papa Chupa, hata kitoto kinachojifunza kutembea kingekunyoshea kidole: ile pale, ya matofali mabichi, nyuma ya soko la samaki, yenye kamba ndefu iliyotundikwa ukutani. Jina hilo Akonkwa hakulipenda hata kidogo. Lakini nani alimwuliza? Watu wa Rumonge wakishakubatiza, umebatizwa.

Chupa yenyewe haikuwa ya bia wala ya mawese. Ilikuwa bomba nene la plastiki, urefu wa mkono wa mtu mzima, wazi juu na wazi chini. Kila Jumanne asubuhi, jua likishatoka, Akonkwa alisukuma mtumbwi wake mdogo na kupiga kasia mpaka mahali ambapo mnara wa msikiti na paa la banda la mawese vilikaa mstari mmoja. Hapo alisimama, akaifunga chupa kwenye kamba na kuiteremsha. Kamba ilikuwa na fundo kila mita tano, naye alihesabu mafundo kwa vidole. Ikifika alipotaka, aliachia kipande cha chuma kikateleza kwenye kamba mpaka chini. Kipande hicho kiliitwa mjumbe. Mjumbe alipogonga, chupa ilijifunga pande zote mbili, ikapanda na maji ya kina kile kile na si mengine. Ndani mlikuwa na kipimajoto. Akonkwa alisoma, akaandika kwenye kaye yake, daftari la kawaida, kwa kalamu ya risasi, akanusa maji, akayamwaga. Basi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na aliifanya miaka tisa.

Kazi hiyo alipewa na watu wa mradi wa uvuvi, waliokuja na gari lao jeupe mwaka wa themanini na tisa. Kabla ya hapo alikuwa mbeba mizigo bandarini, Mushi kwa kabila, mtu wa Kabare, aliyeshuka kutoka milima ya Bukavu akitafuta maisha, akayapata kidogo kidogo hapa kwenye ukingo wa Burundi. Walimchagua kwa sababu alijua kusoma na alijua kusimamisha mtumbwi pasipo kuyumba. Vita vilipoanza, wale watu walifunga masanduku yao. Mmoja alimshika bega, akamwambia, “Endelea tu, muzee, tutarudi kabla ya mvua.” Mvua ilinyesha mara tano. Hawakurudi, wala hawakutuma hata salamu.

Na yeye akaendelea! Mimi nasema ulikuwa ukaidi wa watu wa milimani. Mkewe, Sikuzani, alisema ni ugonjwa. Sikuzani alikuwa mwanamke wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka kilima cha pili. Alianika ndagala, vile visamaki vidogo kama dagaa, kwenye kipande chake cha mchanga karibu na bandari. Kila Jumanne alimwona mumewe akirudi na mtumbwi mtupu, akapiga kelele mbele ya wanawake wenzake: “Muone mwanaume wangu! Anatoka kuvua maji!” Wanawake walikufa kwa kicheko. Akonkwa alivumilia, akapita na kamba yake begani.

Ila ile kaye ilianza kumnyima raha. Watu wa mradi walikuwa wamemfundisha kwamba ziwa hili lina maji mawili, ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi, na kwamba chakula cha ndagala hutoka chini. Kila kiangazi upepo wa kusini hulikoroga ziwa, baridi ikapanda kidogo, chakula kikapanda nayo, ndagala wakanenepa, na mukeke wanaokula ndagala wakanenepa pia. Sasa kiangazi cha mwaka wa tisini na sita upepo ulikuja kivivu. Cha tisini na saba haukuja kabisa, ni kama ulisahau njia. Pale kwenye fundo la nane, ambapo zamani alipata digrii ishirini na tano, sasa alipata ishirini na sita na zaidi. Maji ya joto yalikuwa yakizidi kwenda chini mwezi baada ya mwezi, na ziwa lilikuwa limefunikwa.

Watu walikuwa na sababu zao za kueleza kwa nini samaki hawapo, na sababu hizo hazikuwa za uongo. Askari walikuwa wamekataza kuingia ziwani usiku, wakiogopa wanaovuka na bunduki. Ambargo, ile ya nchi jirani kufunga mipaka, ilikuwa imefanya mafuta ya taa yaadimike kama dawa. Kwa hiyo mitumbwi ya taa, ile inayofungwa miwili miwili na kuitwa kipe, ililala mchangani ikipasuka kwa jua, na watu wakavua mchana kwa wavu wa kukokota, wakazoa mpaka watoto wa samaki wasiozidi ukucha. Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikutajwa kwa sauti. Mwaka huo wa tisini na saba ziwa lilileta ufukweni vitu ambavyo havikuwa samaki, vimefungwa mikono kwa nyuma. Wiki kadhaa hakuna aliyegusa mukeke wala sangala sokoni, na tangu hapo watu waliangalia tumbo la samaki mara mbili kabla ya kulipasua.

Mchanga wa Sikuzani ukabaki mtupu. Siku moja Akonkwa alimkuta akichemsha sombe, majani ya muhogo, bila hata kichwa kimoja cha ndagala, ameongeza mawese ili kuwadanganya watu wa nyumbani. Akashika sufuria kwa vitambaa.

“Angalia, Mama Keren. Hii mawese ya juu ndiyo maji ya joto. Mboga ya chini ndiyo maji ya baridi. Upepo ukisukuma, iko hivi.” Akaiinamisha sufuria. Mawese yote yakakimbilia upande mmoja, na upande wa pili mboga ikachungulia. “Upepo ukiacha ghafla...”

“Papa Keren, ukimwaga mboga yangu utalala kwenye mtumbwi.”

“Ngoja kidogo. Ukiacha ghafla, mawese inarudi kwa nguvu, na ya chini inapanda huku ilikokuwa imefunikwa.” Akairudisha sufuria, mboga ikaruka, tone likamwangukia Keren mguuni.

Keren alikuwa mtoto wao pekee aliyebaki. Wawili wa kwanza walichukuliwa na surua. Huyu alikuwa na miaka sita, mwembamba, mwenye macho makubwa, na swali lake la kila siku lilikuwa moja: “Mama, leo iko samaki?” Sikuzani alipangusa mguu wa mtoto, akamtazama mumewe kwa jicho la kumkata maini. Lakini somo la sufuria lilimwingia, ingawa hakulikiri.

Mwezi wa nane wa mwaka wa tisini na nane vita vya ng'ambo vikaanza upya, na siku zile zile upepo ukaja. Loo! Si upepo wa kiangazi tunaoujua. Ulivuma majuma matatu bila kupumzika, ukang'oa mabati pale Minago, ukavunja migomba mpaka Kizuka. Mizinga ilisikika kutoka upande mmoja na mawimbi kutoka upande mwingine, na watu walilala na nguo zao. Kwenye komine, ofisi ya serikali pale mjini, ilitoka amri kwamba kila mgeni wa Kongo ajiandikishe upya. Akonkwa, aliyekuwa ameishi pale miaka kumi na tisa, akapanga foleni na vijana waliovuka juzi. Karani alimwuliza kazi yake. Akajibu, “Napima maji.” Karani akaandika kitu kirefu kuliko alichoambiwa.

Jumapili moja mwezi wa tisa, watu wakiwa katikati ya misa, upepo ukaacha kama uliofungiwa mlango. Jumanne Akonkwa akatoka. Ziwa lilikuwa limelala, na rangi yake haikuwa ya kawaida, ilikuwa na ukijani wa majani yaliyolowekwa. Alishusha chupa mpaka fundo la nne tu, mita ishirini, akaachia mjumbe. Chupa ilipotoka ilikuwa baridi vidoleni kuliko siku zote. Digrii ishirini na nne. Miaka tisa hakuwahi kuiona namba hiyo karibu hivyo. Alipoifungua, harufu ya mayai yaliyooza ikampiga usoni.

Nisiseme uongo: alifurahi. Mtu aliyeongea na ziwa miaka tisa, akichekwa na mkewe, akachekwa na wabeba mizigo, leo ziwa limemjibu. Alijua maana yake. Maji ya chini hayana hewa. Yakipanda, samaki watakosa pumzi, watakuja juu wakitweta, na watakufa kwa maelfu. Akafikiria wale watu wanaoangalia tumbo la samaki mara mbili. Wataogopa, watawaacha wote waoze, na njaa hii yote! Akaona ni wajibu wake kuwaambia mapema. Akapiga kasia kurudi, mbio mbio, chupa mapajani.

Hadji ndiye aliyekuwa mkubwa wa pwani. Alikuwa na kipe tatu, tumbo kubwa, na hasira za karibu. Alikaa kwenye kibaraza cha duka lake na watu kama kumi, wote hawana la kufanya. Jirani yake, Mwasiti, muuza samaki wa moshi, alikuwa akipanga vipande vinne vya samaki kwenye sinia ili vionekane sita.

“Amahoro, Hadji.”

“Amahoro, Papa Chupa. Leo maji imesema nini?” Watu wakacheka.

“Leo imesema, shefu.” Akonkwa alikuwa anahema. “Maji ya chini iko inapanda. Haina hewa. Siku mbili, siku tatu, mutaona samaki juu, wengi sana, wengine wamekufa, wengine wanakufa. Musiogope. Muwaokote, mule. Si sumu.”

Kicheko kikakatika. Mwasiti akainua kichwa. “Nani ametaja sumu?”

“Nimesema si sumu.”

“Nimesikia. Nauliza nani ametaja.”

Hadji alimshika Akonkwa mkono, akamvuta pembeni, nyuma ya magunia ya chumvi. Hasira yake ilikuwa imeondoka, na hilo lilitisha kuliko hasira yenyewe. “Muzee, sikiliza. Umesikiliza redio yako ya maji, sawa. Lakini siku hizi mutu hasemi kitu kitakufa. Kikifa, watatafuta aliyesema. Na wewe ni wa ng'ambo. Rudi nyumbani, ufunge mdomo.”

“Lakini Hadji, ni kweli.”

“Ndiyo maana nakuambia ufunge.”

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Akonkwa hakula vizuri. Nusu yake iliomba kaye iwe imedanganya. Nusu ya pili, Mungu amsamehe, iliomba iwe kweli.

Ijumaa jua lilipotoka, kelele zilianzia upande wa mto Dama zikaja mpaka bandarini. Sikuzani alitoka na ndoo mkononi, akasimama. Ufukwe ulikuwa mweupe. Ndagala walikuwa wamerundikana ukingoni kwa unene wa kiganja, na nyuma yao mukeke kwa mamia, wakubwa, midomo wazi, wengine wakizunguka juu ya maji wamelala ubavu. Sangala mmoja mrefu kama mtoto alikuwa akijaribu kupanda mchangani, nakuapia, kana kwamba nchi kavu ndiyo yenye nafuu. Maji yalikuwa kijani na harufu ile ile ilikuwa imejaa hewani. Ndege hawakuwapo.

Kwa dakika chache ilikuwa furaha. Watu waliingia mpaka magotini wakizoa kwa ndoo, kwa vitenge, kwa sufuria. “Mungu amefungua ghala!” Halafu mmoja akasikia harufu, akaiangusha ndoo yake. Mwingine akakumbuka vile vitu vya mwaka uliopita. Ndoo zikaanza kumwagwa. Askari wa kituo cha bandarini wakaja na ajida, mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye usingizi machoni, akapiga kelele mtu asiguse chochote. Ndipo sauti ya Mwasiti ikapanda:

“Papa Chupa alisema! Jumanne, mbele ya watu kumi! Alisema samaki watakufa! Alijuaje?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wote walikuwa wamemwona. Kila Jumanne, miaka tisa, mbele ya macho ya mji mzima, mtu wa ng'ambo akienda ziwani peke yake na chupa, akiiteremsha ndani ya maji, akirudi haina kitu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inashuka tupu na kupanda imejaa. Walijua inashuka imejaa na kupanda tupu. Vijana walikimbia nyuma ya soko. Walirudi na kamba, na kaye saba, na chupa, na Akonkwa mwenyewe, shati limechanika begani.

Ajida aliinusa chupa. Plastiki ilikuwa bado inanuka tangu Jumanne. Akampa Hadji. Hadji akanusa, akafumba macho.

“Hii harufu iko humu, na iko kule,” ajida akasema akionyesha ziwa. “Muzee, eleza.”

Akonkwa akaeleza. Ee, maskini, alieleza! Upepo, mawese, sufuria, baridi, mjumbe. Alifungua kaye kuwaonyesha namba, na namba ndizo zilizomzamisha kabisa, maana nani anaandika namba miaka tisa bila kulipwa na mtu? Mtu mmoja nyuma akasema ni alama za kuwaita waasi. Mawe yakaanza kuokotwa. Mwanamume mmoja alimkanyaga mguuni, kwa makusudi, akimtazama usoni. Akonkwa aliona kwamba watamuua pale pale, kabla ya saa nne, kati ya samaki.

“Nitakula!” akapiga kelele. “Chagueni nyinyi samaki. Nitakula mbele yenu.”

“Mwenye sumu yake ana dawa yake,” Mwasiti akajibu. Hakuwa mwanamke mbaya, mumjue. Mwanawe alikuwa amepotea ziwani mwaka uliotangulia na hakuna aliyemwambia amekwenda wapi. “Ule wewe ndiyo nini? Ukisema si sumu, mutoto wako ale.”

“Ndiyo! Mutoto ale!” Sauti ishirini, kisha mia.

Ajida hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa kwenye ukingo wa kipe, akawasha sigara.

Sikuzani, aliyekuwa amekwenda nyumbani kumchukua mtoto, alikuwa amerudi, Keren mkononi. Alisikia, akageuka ili arudi, akakuta watu wamefunga njia nyuma yake. Hawakumsukuma. Walisimama tu. Mtu alikuwa ameshawasha moto wa makuti ya michikichi, na Hadji mwenyewe akaokota mukeke mmoja aliyekuwa bado anapepesa mashavu, akampasua, akamweka juu ya makaa. Mafuta yakaanza kudondoka. Harufu ya samaki wa kuchoma ilienea pwani, na nusu ya wale wenye mawe mkononi walimeza mate, kwa sababu njaa haina aibu.

“Mama, leo iko samaki,” Keren akasema.

Hadji alimpa Akonkwa kipande kwenye jani la mgomba. Akonkwa akapiga magoti mbele ya mwanawe. Alijua. Hewa ilikwisha, samaki wakafa, nyama ni safi, ni kama mtu aliyezama, hana sumu mwilini. Aliijua kama jina lake. Akanyoosha mkono, na katikati ya njia wazo likamjia, baridi kuliko fundo la nne: nani alikuambia? Watu wa mradi walimfundisha kupima. Walimwambia kwa nini samaki hufa. Kuhusu kula, hakuna aliyewahi kusema neno, wala yeye hakuwahi kuuliza. Na hii harufu ni ya nini? Na je, kama kuna mtu, katika vita hivi, ambaye kweli ameweka kitu?

Mkono wake ukatetemeka. Jani likatikisika mpaka kipande kikakaribia kuanguka, na watu wote wakaona.

“Anaogopa! Tazameni, anaogopa!”

Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Halikuwa kubwa. Akonkwa alibaki amepiga magoti, damu ikimchirizika, mkono hewani, haurudi wala hauendi.

Sikuzani ndiye aliyelichukua jani. Alikitoa mwiba kile kipande, pole pole, kama anavyofanya mezani, akakipuliza kisimchome mtoto, akakitia mdomoni mwa Keren. Keren akatafuna. Akameza. Akafungua mdomo tena.

“Ingine,” akasema.

Alikula mukeke mzima, mpaka akaramba vidole. Kisha ajida akatupa sigara, akasema, “Tunangoja.” Wakangoja. Jua lilipanda. Mtoto alikalishwa juu ya gunia katikati ya watu mia tatu, wakimtazama kama saa ya ukutani. Alipopiga mwayo, wote walirudi nyuma hatua moja. Alipoomba kukojoa, wanawake watatu walimsindikiza. Adhana ya Ijumaa ikalia, wanaume wakaenda kwa zamu na kurudi. Sikuzani alikaa chini mchangani, mkono wake kifuani mwa mtoto, akihesabu mapigo, midomo ikichezacheza. Hakumwangalia mumewe hata mara moja. Alasiri Keren akalala, na Mwasiti akainama akaweka sikio kwenye pua yake. Akakaa hivyo muda mrefu.

“Anapumua,” akasema. Akaanza kulia.

Ndivyo ilivyokwisha. Mawe yaliangushwa moja moja, taratibu, kila mtu akijifanya hakuwa nalo. Halafu wakakumbuka samaki. Lakini samaki walikuwa wamekaa juani tangu alfajiri, matumbo yamevimba, na waliopasuliwa haraka haraka wapate kuokolewa walikutwa wamejaa mayai, kila mukeke mayai, manjano, tele. Mama wote wa mukeke wa upande huu walikuwa pale mchangani wakioza. Ajida aliondoka na chupa na kaye zote saba. Kipimajoto alikiacha, kilikuwa kimeanguka mchangani na hakujua ni cha nini. Hadji aliosha mikono ziwani mara nyingi, akapita mbele ya Akonkwa bila kusema “nilikuambia”, na huo ulikuwa wema wake.

Nyumbani, siku tatu Sikuzani hakumsemesha mumewe. Aliweka chakula, akaondoa sahani. Majirani walileta chumvi, walileta muhogo, Mwasiti alileta kitenge kwa Keren. Wote walipokewa kwa murakoze, asante ya pale, na wote waliondoka haraka.

Jumanne asubuhi Akonkwa hakutoka kitandani. Sikuzani akaja akasimama mlangoni.

“Mimi sikujua kitu,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hakuwahi kuisikia hivyo. “Upepo sijui, digrii sijui. Nilikuwa na ile sufuria yako tu kichwani. Nikampa mutoto wangu wa mwisho, kwa mkono huu. Kwa sababu wewe ulisema. Halafu wewe uliyesema, mkono wako ukakataa.”

Akonkwa alivuta shuka mpaka kidevuni.

“Ulikuwa unajua, Papa Keren?”

“Nilijua kwa nini wamekufa.”

“Sikuulizi hiyo.”

Nje Keren alikuwa akicheza na kamba, akihesabu mafundo kwa sauti.

“Hapana,” akasema. “Ile sikujua.”

Sikuzani akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo tangu zamani na alitaka tu kulisikia. Kisha akatupa kitandani, karibu na mkono wake, kipimajoto alichokuwa amekiokota mchangani.

“Amka. Leo Jumanne.”

“Niende wapi? Chupa wameichukua.”

“Funga jiwe. Nenda, upime, urudi uniambie mimi, usimwambie mwingine yeyote. Ujue yote, mpaka ile hujui. Watakuja tena kuweka mutoto wangu mbele ya samaki, na siku hiyo nataka mkono wako utulie.”

Akaenda. Watu waliokuwa pwani waligeuza nyuso wakajishughulisha na nyavu zisizokuwa na kitu. Pale kwenye mstari wa mnara na paa la mawese alifunga kipimajoto pamoja na jiwe, akakishusha mpaka fundo la nne, akangoja, akakivuta upesi. Maji hayakunuka. Yalikuwa mazuri, ya buluu, moto. Digrii ishirini na saba na nukta mbili. Akashusha mpaka la nane, kisha la kumi na mbili, ambako kamba iliishia. Joto lile lile, fundo hadi fundo. Ziwa lilikuwa limerudisha kifuniko chake, kizito kuliko mwanzo. Chini yake, mahali ambapo kamba haifiki, yale maji mengine yalikuwa yametulia.

Alirudi akamkuta Sikuzani ameketi kwenye mchanga wake wa kuanikia, hakuna ndagala hata mmoja. Akamwambia namba.

“Maana yake?”

“Limefunikwa.”

“Mpaka lini?”

“Sijui,” Akonkwa akasema.

Sikuzani akamsogezea nafasi akae, wakakaa wote wawili wakitazama ziwa, na Keren akaja mbio kutoka nyumbani na swali lake lile lile.